Foki inazama, mikono inauma: ninunue ya milimita 170?

Fundi, shikamoo.

Nimekuwa nikikusoma kimyakimya, leo zamu yangu imefika. Nina baiskeli ya umeme ya milimani, kilo 24 pamoja na betri, magurudumu ya inchi 29 mbele na nyuma. Mimi mwenyewe, nikiwa na kofia, begi na maji, nafika kilo 92. Foki, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu na kubonyea, ni ileile iliyokuja na baiskeli: mwendo (urefu inaoweza kubonyea) wa milimita 150, mirija ya juu yenye kipenyo cha milimita 35, springi ya hewa. Katika orodha ya kampuni iliyoitengeneza, ndiyo ya bei ya chini kabisa. Naipanda kila wiki, saa mbili hivi, mvua na jua, na sasa inakaribia miaka miwili.

Shida yangu ni hii. Nikishuka mteremko mkali na kukamata breki, pua ya baiskeli inazama mpaka nahisi nitapita juu ya usukani. Nikiingia kwenye mawe mfululizo mambo yanageuka: foki inakuwa ngumu kama mti, gurudumu linarukaruka na kunitoa kwenye njia niliyoichagua, na nikifika chini vidole haviwezi kufungua hata kifuniko cha chupa. Ili isizame nimeongeza hewa hadi psi 115 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), ingawa kibandiko kilicho nyuma ya mguu wa foki kinasema 85 hadi 95 kwa uzito wangu. Baada ya hapo ikaanza kunirusha, basi nikaizungusha ile nobu nyekundu ya chini mpaka mwisho, upande wa kurudi polepole. Ajabu ni kwamba kile kipete cha mpira kwenye mrija kinaonyesha sijawahi kuumaliza mwendo. Kila siku zinabaki kama milimita 40.

Wenzangu kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema tatizo ni wembamba, ninunue yenye mirija ya 38 na mwendo wa 170. Wa pili ananiambia niachane na hewa, niweke springi ya chuma. Wa tatu, aliyewahi kushindana, anasema baiskeli nzito ya umeme ni sawa na pikipiki, hivyo niifunge foki ya vichwa viwili, ile inayobanwa juu na chini ya bomba la kichwa kama ya pikipiki, nimalize kazi. Na kuna mtu ananiuzia ya 38, mwendo 170, imetumika msimu mmoja. Bomba lake la usukani limeshakatwa, limebaki milimita 172. Bomba la kichwa la fremu yangu nimelipima: milimita 125. Disiki yangu ya mbele ni 203. Kitabu cha baiskeli kinasema foki isizidi 160.

Nichukue ipi? Na je, ni lazima iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya baiskeli ya umeme? Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Vidole Ganzi

*

Marahaba, Vidole Ganzi.

Nikushukuru kwanza kwa vipimo. Wengi huniandikia "foki yangu mbaya, nifanyeje?" na mimi nabaki kupiga ramli. Wewe umenipa psi, milimita, kilo, mpaka nobu imezungushwa upande gani. Lakini kuna kitu kimoja hukukiandika, na ndicho nilichokitafuta tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho: mafuta. Miaka miwili, saa mbili kila wiki, hiyo imevuka saa 200. RockShox, watengenezaji wa foki, wanataka miguu ya chini ya foki zao ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila saa 50, na dampa, yaani kituliza mwendo, pamoja na springi zifanyiwe huduma kamili kila saa 200. Fox, kampuni nyingine ya foki, ni wapole zaidi, wanasema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Ya kwako inaelekea haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, na kiwandani kwenyewe huwa hawamimini mafuta kwa ukarimu. Kwa hiyo foki unayoilalamikia si ile uliyoinunua. Ni ile uliyoinunua pamoja na matope ya miaka miwili, sponji zilizokauka chini ya sili (mpira wa kuzuia uchafu), na bushi (pete ambamo mirija huteleza) zinazosugua pakavu.

Sikuambii hivi ili nikuzuie kununua. Huenda ukanunua, na mwisho wa barua nitakuambia nini. Ila kwanza tuichambue hiyo shida, kwa sababu umeeleza mambo mawili yanayoonekana kupingana, kuzama na kuwa ngumu, na wenzako wote watatu wamelijibu moja tu kati ya hayo.

Mguu mmoja wa foki una springi, mwingine una dampa. Springi inabeba uzito, dampa inatuliza mwendo. Dampa ni pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu, basi. Ukikamata breki, pistoni inakwenda polepole, mafuta yanapita tundu kwa starehe, upinzani hakuna, pua inazama. Ukigonga jiwe, pistoni inakurupuka na mafuta yote yanataka kupita kwa mpigo. Kwenye tundu la kawaida upinzani unapanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Tundu lililokuwa mlango wazi wakati wa breki linageuka ukuta wakati wa jiwe. Dampa za bei ya chini huishi na tundu hilo na vijisaidizi vichache. Zile nzuri zina mabamba membamba ya chuma, mafundi tunayaita shimu, yaliyofunika matundu makubwa. Mwendo ukiwa wa polepole yanakaa yamefunga na foki inasimama imara. Jiwe likija yanapinda na kufungua njia. Ndiyo maana foki nzuri inaweza kukataa kuzama kwenye breki na bado ikameza jiwe, na ya kwako inafanya kinyume cha yote mawili.

Sasa tazama ulichofanya. Ulitibu ugonjwa wa dampa kwa dawa ya springi. Psi 115 imeifanya springi iwe kali kuliko uzito wako, ndiyo maana milimita 40 hazijawahi kuguswa. Springi kali inarudi kwa nguvu, ikakurusha. Ukafunga ribaundi, yaani kasi ya kurudi, mpaka mwisho. Kwenye jiwe moja la pekee hutaona tatizo. Kwenye mawe kumi mfululizo, foki inabonyea kwa la kwanza na haijapata muda wa kurudi la pili linapofika. Inabonyea zaidi kutoka hapo ilipo, na la tatu, na la nne, mpaka unapanda ikiwa imekaa chini kabisa, sehemu ambayo hewa imeshabanwa na ni ngumu kuliko mahali pengine popote. Pua imezama na foki ni mti, kwa wakati mmoja. Vidole vyako vilikuwa vinanieleza jambo hili, wewe ukadhani vinalalamikia kipenyo cha mirija.

Kwa hiyo kabla ya senti yoyote kutoka, peleka foki ifunguliwe miguu ya chini, ioshwe, iwekwe sponji na mafuta mapya. Kama una mikono mizuri unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja. Kisha toa hewa yote, anza na psi 88. Ongeza kwa awamu, na kila awamu ibonyeze foki mara kumi hivi kwa upole, kwa sababu springi ya hewa ina vyumba viwili na hewa inahitaji kupita kutoka kimoja kwenda kingine. Ukijaza kwa mkupuo bila kubonyeza, utasoma namba ya uongo. Na ule mlio wa "pss" unapoichomoa pampu usikutishe, ile ni hewa ya kwenye mpira wa pampu, foki haijapoteza kitu.

Simama kwenye pedali ukiwa na kila unachobeba siku ya kupanda, kofia kichwani, maji mgongoni, mtu akushikie usukani. Sogeza kipete kiguse sili, shuka taratibu, pima. Kwa mwendo wa 150 unatafuta milimita 25 hadi 30 za mbonyeo huo wa kusimama tuli, tunaouita sagi. Ukipata 15, hewa ni nyingi, hata kama kibandiko kinasema vingine. Ribaundi ifungue yote, halafu irudishe kliki moja moja mpaka foki inapoacha kukupiga viganja, na uishie hapo. Nina hakika utashangaa ni kliki chache kiasi gani.

Ikiwa bado inazama kwenye breki, fungua kofia ya springi uangalie kama inakubali tokeni, vile vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ya hewa. Tokeni haibadilishi sana mwanzo wa mwendo, inakaza mwisho. Si dawa kamili ya kuzama kwenye breki, lakini itakuruhusu ushushe psi bila kugonga chini.

Baada ya hayo yote baiskeli itakuwa nyingine. Lakini sitakudanganya: dampa ile bado ni ya bei ya chini, na mtu wa kilo 92 juu ya baiskeli ya kilo 24 anaifikia mipaka yake haraka. Hapo ndipo tunazungumza ununuzi.

Niseme kitu kuhusu huo uzito, maana huyo mwenzako wa pikipiki amechanganya mambo. Ukiwa kwenye baiskeli ya kawaida ya kilo 15, jumla yenu ni kilo 107. Kwenye ya umeme ni 116. Tofauti ni kama asilimia nane tu. Rafiki aliyeshiba tu anaweza kukuzidi kwa kilo nyingi kuliko hizo, na hakuna aliyewahi kumwambia rafiki aliyeshiba kwamba ni pikipiki. Kinachobadilika kweli ni namna uzito unavyokaa. Kilo zako 92 zimening'inia kwenye magoti na viwiko, unaweza kuzipeleka nyuma, kuzinyanyua, kuzilainisha. Kilo za baiskeli hazina magoti. Hizo zimepanda kutoka 15 hadi 24, na kila moja inakwenda moja kwa moja kwenye foki unapokamata breki. Kinachohitajika hapo ni mkono unaoishikilia foki kwenye mwendo wa polepole. Yaani dampa tena.

Mwendo wa 170, hapana. Kitabu kimesema 160 na kampuni iliyoandika kitabu ndiyo itakayokutazama usoni siku fremu ikipasuka shingoni. Milimita 20 za ziada si kwamba zinakaa tu pale kama akiba. Zinanyanyua pua, zinalaza pembe ya usukani kwa karibu digrii moja kasoro, na kwa kuwa fremu ni kitu kimoja, kiti nacho kinalala kwa kiasi hichohicho. Kwenye mteremko ni raha tupu. Kwenye kupanda, na baiskeli ya umeme hununuliwa ili ipande palipowashinda wengine, unakaa nyuma zaidi, mota inasukuma, gurudumu la mbele linainuka. Nililifanya kosa hili mwenyewe. Niliweka ya 180 kwenye fremu ya 160 kwa sababu ilinipendeza ikiwa imesimama ukutani, na kwa msimu mzima nilipanda vilima nikiwa nimelala kifua juu ya usukani kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nikaiuza. Aliyeinunua naye aliiuza.

Ya vichwa viwili sitaijadili kwa urefu. Inaivuta fremu mahali ambapo fremu nyingi za baiskeli za njiani hazikujengwa kuvutwa, mirija yake hugonga bomba la chini ukipinda usukani sana, na kitabu chako kimeshaifukuza kwa kusema 160.

Nenda 160 basi, au baki 150. Tofauti ya milimita 10 inalaza pembe kwa chini ya nusu digrii, fremu yako inaikubali, na utapata nafasi kidogo ya kupumua. Ila angalia urefu kutoka ekseli hadi kichwa cha foki, si mwendo peke yake. Foki mbili zote za 160 zinaweza kupishana milimita kadhaa, na zile nene mara nyingi ndizo ndefu. Namba hiyo iko kwenye karatasi za kila kampuni, na mara nyingi kitabu cha fremu huwa kinaitaja pia.

Je, mirija ya 35 au 36, au ya 38? Niseme hesabu yake kwanza, halafu ninachokifikiri. Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda, ukuta wake ukiwa na unene uleule, unapanda kwa mchemraba wa kipenyo, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Kutoka 35 kwenda 38 hiyo ni kama robo na kidogo zaidi. Si porojo, utauhisi, hasa ukikamata breki ya disiki 203 huku umekata kona kwenye mizizi. Foki nyembamba ikipinda, mirija inabana ndani ya bushi na foki inakwama kwa nukta chache, haijabonyea na haijarudi. Mtu mzito kwenye baiskeli nzito anakutana na hilo mara nyingi kuliko kijana wa kilo 65.

Lakini unene si dampa, na hapa ndipo watu wanapotapeliwa na macho yao wenyewe. Chukua mfano wa RockShox: Domain na ZEB zote zina mirija ya 38. Ukizitazama kutoka mbali utasema ndugu wa tumbo moja. Ndani, Domain ina dampa rahisi zaidi, ZEB za juu zina Charger, dampa yao nzuri. Ukitoka kwenye foki yako ukaingia kwenye nene yenye dampa ya kawaida, utapata usukani unaokwenda unakoutuma, na vidole vitabaki vilevile. Pengine vitauma zaidi, maana foki ngumu haipindi kukusaidia. Kwa hiyo mimi nikiwa na fedha ya kuchagua kimoja, ningechukua Lyrik ya RockShox (mirija ya 35) au Fox 36 yenye dampa ya juu kabla ya nene yenye dampa ya chini. Nikiwa na fedha ya vyote viwili, kwa kilo zako, ningechukua ya 38 ya mwendo wa 160, tofauti ya uzito ni gramu mia mbili hadi mia tatu na mota haitaziona.

Kuhusu nobu usiwe na tamaa. Dampa za juu kabisa zinakupa marekebisho manne, kompresheni (upinzani wa kubonyea) ya polepole na ya kasi, ribaundi ya polepole na ya kasi. GRIP2 ya Fox ilikuwa hivyo. Ni silaha mkononi mwa anayejua, na ni shimo kwa mtu aliyefunga nobu moja mpaka mwisho miaka miwili. Sikutanii kwa ubaya. Unachohitaji kweli ni ribaundi moja na kompresheni ya polepole moja, na shimu nzuri ndani ambazo huzigusi.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wenzako hawakuitaja: kubakiza foki na kubadilisha dampa peke yake. Haiwezekani kwa kila foki. Kwa baadhi inawezekana vizuri sana. Yari ya RockShox, kwa mfano, ilikuwa na mwili mmoja na Lyrik za wakati wake, na mafundi wengi walichomoa dampa yake ya kawaida wakatia Charger. Marzocchi Z1, ambayo iko chini ya Fox, nayo ilipokea dampa za Fox 36. Ya kwako tafuta namba iliyochapwa kwenye kichwa cha foki au mguuni, iingize kwenye orodha ya vipuri ya kampuni, uone inakubali nini. Ikiwa jibu ni hapana, umepoteza dakika tano.

Springi ya chuma. Huyu mwenzako wa pili ndiye aliyenikaribia zaidi. Chuma hakina sili za hewa za kusugua, kinaanza kubonyea kwa kokoto ndogo kabisa, na katikati ya mwendo kinashikilia vizuri kuliko hewa, sehemu ambayo wewe unaihitaji. Kinaongeza kama nusu kilo, na kwenye baiskeli ya umeme hilo halina mjadala. Hasara yake ni mbili. Springi inachaguliwa kwa uzito wako, ukikosea huwezi kupampu, unanunua nyingine. Na haikazi mwishoni yenyewe, kwa hiyo bila kizuizi kizuri cha mwisho wa mwendo, mtu wa kilo 92 ataisikia ikigonga. Ningekuambia uifikirie baada ya kupata dampa nzuri. Kuweka springi ya chuma juu ya dampa uliyo nayo ni kubadilisha godoro kwenye kitanda kilichovunjika mguu.

Sasa huyo muuzaji. Hapana, hata ingekuwa ya 160. Fanya hesabu na mimi: bomba la kichwa la fremu 125, beringi na kofia yake ya juu vinakula kama 10 hadi 15, stemu, kile kipande kinachoshika usukani, nyingi zina urefu wa 40 pale inapobana. Hapo umefika 175 hadi 180 na hujaweka hata pete moja ya kunyanyua usukani. Bomba lake ni 172. Anaweza kukuambia tafuta stemu fupi, na zipo, lakini utakuwa umefunga uhai wako kwenye milimita zilizokosekana. Kila foki iliyotumika ina bomba lililokatwa kwa fremu ya mtu mwingine, kwa hiyo lipime hilo kabla hujaitazama rangi.

Ukipata nyingine iliyotumika yenye bomba refu, pitisha ukucha juu ya mirija yote, mbele na nyuma. Ukucha ukinasa, acha, mkwaruzo huo utakula sili na kunywa mafuta. Kisha ifungwe kwenye baiskeli, kamata breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma kwa nguvu huku umeegemea. Ukisikia mlio wa kukwaruza kutoka kwenye kichwa cha foki, pale mirija na bomba vilipobanwa kwa shinikizo, hilo halikazwi kwa spana yoyote. Kichwa chote kinabadilishwa. Baiskeli za umeme huleta mlio huo mapema.

Mpya itakuja na bomba refu la kukatwa, na kabla ya kuagiza thibitisha mambo machache. Bomba liwe la aina ya fremu yako: nyingi ni zile pana chini kwa inchi 1.5, ila baadhi ya baiskeli za umeme zimejengwa kwa inchi 1.8. Foki ya 1.5 mara nyingi inaingia kwenye fremu ya 1.8 kwa pete ya kupunguzia. Ya 1.8 kwenye fremu ya 1.5 haiingii kwa maombi wala nyundo. Habu yako, yaani kitovu cha gurudumu, inaelekea ni ya ekseli ya 15 kwa 110, lakini ipime. Ofuseti, yaani ekseli imesogea mbele kiasi gani, chukua ileile uliyo nayo, kwa magurudumu ya 29 ya siku hizi mara nyingi ni 44. Na breki: Fox 36 na 38 nyingi zina kishikio cha disiki ya 180, utahitaji adapta ili 203 yako ikae. ZEB ina kishikio cha 200, hapo vinatosha vipande viwili vidogo vya milimita moja na nusu na bolti zenye urefu wake. Watu husahau adapta, halafu foki mpya inakaa mezani wiki nzima.

Lile andiko la "umeme" kwenye foki si uchawi. Kuna lililomaanisha mirija yenye ukuta mnene, kuna lililomaanisha dampa iliyopangwa kwa uzito zaidi, na kuna kampuni zinazokubali foki zao zote kubwa kwenye baiskeli za umeme bila andiko lolote. Unachotafuta ni sentensi kwenye karatasi za foki inayosema inaruhusiwa kwenye baiskeli ya umeme ya aina yako, kwa sababu siku ya kudai dhamana ndiyo watakayoisoma.

Ukifika kwenye kukata bomba, toa pete ya beringi kwenye foki ya zamani bila kuipinda, ihamishie kwenye mpya, panga kila kitu na pete za kunyanyulia mbili zaidi ya unazodhani unahitaji, kata milimita tatu chini ya juu ya pete ya mwisho. Bomba refu linaweza kukatwa tena mwezi ujao. Bolti za stemu kaza kwa namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi ni 5 au 6 Nm.

Hayo ya kununua yasubiri wiki tatu. Fungua hiyo ya zamani, tia mafuta, psi 88, ribaundi kliki unazohitaji. Panda njia ileile inayokutia ganzi, mara tatu, na kila mara ukifika chini usiguse kitu kabla hujapima kipete kimesimama wapi. Niandikie namba hizo tatu, nami nitakuambia kama ni dampa, tokeni, au ni 38 ya milimita 160.